Opereta wa Kadogo

Opereta alikuwa hamwiti mtu kwa jina. Ukikaa dirisha la mapokezi wewe ni Mapokezi, ukikaa chumba cha dawa wewe ni Dawa, na mganga mfawidhi wetu, mtu mwenye digrii yake, alikuwa Mia Moja na Nne kwa sababu hiyo ndiyo namba ya simu ya mezani ofisini kwake. Mimi nimekuwa Mapokezi miaka yote. Jina langu alilijua, maana siku ya msiba wa baba alilitaja kanisani, lote, mpaka la ukoo. Kesho yake nikawa Mapokezi tena. Kwa hiyo na mimi hapa simtaji jina. Nitamwita Opereta, kama alivyoitwa kuanzia Ihembe mpaka Ihanda, hata na watoto wasiojua neno hilo lilitoka wapi.

Naandika haya kwenye daftari langu la mambo ya kila siku. Elimu yangu ni darasa la saba, na kazi niliyoanza nayo pale kituoni ni ufagizi, kwa hiyo asiyeridhika na maandishi haya ana haki yake. Nitajaribu kusema ya kweli tu. Nikimsifu kupita kiasi nitarudi nyuma nirekebishe, maana yeye hakupenda sifa. Hapana, si kweli. Alizipenda, ila alitaka ziwe fupi.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, ili asiye wa huku asipotee. Kituo chetu cha afya kipo juu ya kilima. Vijiji viwili tunavyovihudumia viko bondeni upande wa pili, ndani ya migomba, na huko simu za mkononi hushika mtandao kwa kubahatisha: ukipanda kichuguu fulani unapata, ukishuka umepotea. Opereta alituwekea simu zetu wenyewe. Zilikuwa simu za mezani sita zilizokwisha tumika, kutoka ofisi moja ya Bukoba iliyokuwa inahama. Antena aliifunga kwenye mnara wa tenki la maji. Simu nne zilibaki kituoni, na kila kijiji kikapata moja, nyumbani kwa mhudumu wa afya. Katikati ya yote, ndani ya boksi la plastiki lililotundikwa ukutani nyuma ya kiti changu, kuna kompyuta ndogo ya bei ya chini, ubao mmoja tu unaoenea kiganjani, hauna kioo wala kibao cha herufi. Huo ubao ndio unaounganisha nani aongee na nani. Umechomekewa pia modemu yenye laini ya kawaida, ili hata aliye mbali apige namba moja aingie. Sisi tunauita Kadogo.

Ule ubao haukuja kwa kazi hiyo. Mwanawe aliyeko Mwanza alimtumia ili auunganishe na televisheni aangalie kwaya. Opereta aliutazama siku mbili, kisha akampigia.

"Hiki kinaweza kuunganisha watu?"

"Kinaweza, Mama, lakini hiyo ni kazi ya wataalamu."

"Basi nitumie wanachosoma hao wataalamu."

Zikaja kurasa na kurasa, akazichapisha kwenye steshenari moja pale Kayanga, kila wiki chache chache, akazisoma na kamusi pembeni. Wakati huo alikwisha staafu. Nisiseme kwamba alijua kila kitu. Siku alipowasha Kadogo mara ya kwanza, simu ya chumba cha dawa ililia kila mtu alipopiga popote, na ililia hivyo siku nne. Dawa alitaka kuikata kwa mkasi. Siku ya tano Opereta alipata kosa lake, alama moja ndogo aliyoisahau mwisho wa mstari, na tangu hapo alizoea kusoma kila mstari akianzia mwisho kurudi mwanzo. Alisema macho hudanganywa na yanachotegemea kukiona.

Kabla ya kustaafu alikuwa ameendesha simu ya upepo ya hospitali ya misheni miaka mingi. Pale ndipo alipopata jina, na pale ndipo alipopata ulimi wake. Kila kitu kwake kilikuwa na madaraja matatu: nakupata safi, nakupata kwa shida, sikupati. Alitumia hayo hata kwenye chakula. Ukimpa ndizi zisizoiva vizuri alisema, "Hizi nazipata kwa shida." Jumapili moja tulitoka kanisani nikamuuliza mahubiri yalikuwaje. "Mchungaji leo sikumpata," akasema, na mchungaji yuko nyuma yetu hatua tatu. Mimi aliniambia nakupata kwa shida tangu siku ya kwanza, na niseme haki, alikuwa anasema kweli. Nilipokuwa namweleza jambo nilianzia mbali, nikaomba radhi katikati, nikasahau mwisho.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Yeye aliyetuletea simu hakupenda kuongea na simu. Ya kwake, ile ya vitufe, ilikaa imezimwa ndani ya kikapu chini ya kitenge. Ukimtaka, utembee mpaka kwake Ihanda. Na yeye akikutaka anapanda bodaboda, anakuja mpaka dirishani kwako, anasema maneno manne, anaondoka. Nilimuuliza siku moja kwa nini asipige tu.

"Simu ni ya mgonjwa," akanijibu. "Mimi naumwa?"

La pili, salamu. Ndani ya laini hakutaka kuzisikia. Lakini ukifika kwake huanzi kusema shida yako mpaka uulizwe ulivyoamka, watoto walivyoamka, migomba ina hali gani, mvua imeshuka upande wenu au imebaki Kyerwa, na hapo bado hujaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu chake kidogo cha kusuka. Ukitaka kuondoka kabla, anakasirika. Alikuwa na msemo: "Kwenye laini, salamu ni wizi. Nyumbani, kutosalimu ni wizi." Nililiandika hilo daftarini nikiwa sijalielewa.

Nililielewa siku aliyonisimulia, mara moja tu, tukiwa tunamenya ndizi kwake. Kwenye simu ya upepo, alisema, vituo vyote vilikuwa kwenye njia moja. Mmoja akiongea wengine wote wanyamaze. Asubuhi moja alisikia zahanati ya mbali inaita gari la wagonjwa, sauti ya mwanamke, inaingia na kutoka. Njia ilikuwa imeshikwa na watu wawili wanaosalimiana. Wakaulizana ya nyumbani, wakaulizana kama senene wameanguka. Opereta aliwakatiza mara mbili, hawakumsikia, kwa sababu mwenye kuongea hasikii. Walipomaliza, akaita ile zahanati.

"Ikajibu nini, Mama?"

"Haikujibu."

Aliendelea kumenya. Utomvu ulikuwa umemkaukia vidole vikawa vyeusi. Sikuuliza tena, na mpaka leo sijui nani alikuwa anaumwa kule.

Kwa hiyo alipotuwekea Kadogo aliweka sheria mbili humo ndani. Ya kwanza, anayepiga kituoni husikia kwanza sauti ya Opereta mwenyewe, kali, imerekodiwa: "Kituo cha afya. Sema shida yako." Ya pili, baada ya dakika tatu simu inakatika yenyewe, mwingine apate nafasi. Tulimwambia watu watalalamika. Akasema wataizoea.

Hawakuizoea. Hapo ndipo naomba msomaji asimcheke mtu yeyote.

Asubuhi moja bibi mmoja wa bondeni alipiga simu wodi ya wazazi kutoka kwa mhudumu wa afya. Mkwe wake alikuwa ameshikwa na uchungu. Alipiga mara tatu, na mara zote tatu simu ilikatika. Mwishowe wakampakia yule mzazi kwenye bodaboda, na mtoto akazaliwa njiani, pembeni ya migomba ya watu, mikononi mwa wanawake waliokuwa wanakwenda kuchuma kahawa. Namshukuru Mungu, mama na mtoto walifika wazima. Bibi alifika nyuma yao kwa miguu, na hakwenda wodini kwanza. Alikuja mapokezi. Opereta alikuwa amesimama juu ya kigoda anakagua waya wa betri.

"Nani mwenye simu hii?"

"Ni mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simu yako haina adabu."

Opereta akashuka kwenye kigoda. "Imefanya nini?"

"Nimepiga mara tatu. Kila nikifika kwenye ng'ombe, inakufa."

"Ng'ombe gani?"

"Si kumuuliza nesi ng'ombe wa kwao wameamkaje!"

Nesi wa wazazi alikuwa amesimama mlangoni. Naye nimtendee haki: alimuuliza bibi kuna shida gani, aliuliza kila mara, ila bibi alimjibu kwamba wanakuja huko, wamalize kwanza kuamkiana, akaanza upya.

"Mama yangu," Opereta akasema, "ungeanza na mgonjwa."

"Nianze na mgonjwa?" Bibi akaketi kwenye benchi. "Wewe ni mtu wa wapi, waitu, jamani? Mtu akikupigia asubuhi, hakuulizi hata umeamkaje, anasema tu 'mkwe wangu', huyo ana habari gani?"

Tulikuwa watu kama kumi pale mapokezi, na wote tulijua.

"Si msiba?" bibi akasema. "Mkwe wangu alikuwa hai. Nimesalimia ndefu ili huyu binti ajue yuko hai."

Nilimtazama Opereta. Nilifikiri atatoa ile hadithi ya zahanati ya mbali, maana ilimtosha kujitetea. Hakuitoa. Alisema tu, "Nakupata, mama," bila safi wala shida, akachukua kikapu chake akaondoka. Kigoda alikiacha katikati ya njia, yeye ambaye alikuwa anagomba ukiacha hata kalamu.

Siku tatu hakuonekana. Baadaye tulisikia alikuwa bondeni, nyumbani kwa yule bibi, na saa ya mkononi. Alimsalimia bibi, akampima anatumia muda gani mpaka afike mwisho, akanywa uji, akamsalimia tena. Bibi aliwaambia majirani, "Huyu mama ana upendo, amenisalimia mara nne kwa siku moja!" Hakujua anapimwa. Jibu lilikuwa sekunde arobaini, mtu asipokatizwa na mwenzake akijua zamu yake.

Siku ya nne Opereta alikuja dirishani. "Mapokezi, njoo stoo."

Stoo alikuwa ameegemeza magodoro mawili ukutani kuzuia mwangwi. Akanipa karatasi. Ilikuwa salamu yetu, ya Kinyambo, yote: oraire ota, yaani umeamkaje, nyumbani je, watoto je, ng'ombe je, migomba je, na katikati ya kila swali mstari mtupu alioandika "ngoja ajibu". Akataka nisome ndani ya maikrofoni.

"Mama, kwa nini mimi? Sauti yako wameizoea."

"Sauti yangu ni ya kuita gari," akasema. "Yako ni ya kuita mtu."

Nimeyaandika maneno hayo mahali pawili, kwenye daftari hili na ndani ya jalada la Biblia yangu. Kama ni kujisifu nisamehewe.

Tangu siku hiyo, ukipiga kituoni, Kadogo anakusalimia kwanza kwa sauti yangu na kusubiri majibu yako. Ukimaliza, simu inalia wodini, na nesi akiipokea wewe umekwisha amkia kama mtu mwenye wazazi. Unasema shida moja kwa moja, hakuna anayeshtuka. Zile dakika tatu zinahesabiwa kuanzia hapo, na sijawahi kusikia tena mtu amekatwa kwenye ng'ombe. Watu wa wilayani walipopita walitucheka kidogo, wakasema mashine inayouliza habari za migomba hawajapata kuiona. Nilikuwa nimekaa pale pale chini ya Kadogo nikanyoosha mgongo. Na mimi sikuwa nimewahi kuiona.

Sisemi haikuleta matata. Mzee mmoja alikuja kunisuta dirishani: "Juzi nilikuuliza mama yako anaendeleaje na mguu, hukunijibu, ukaruka kwenye ng'ombe." Nikamweleza kwamba ile ni sauti iliyowekwa. Akasema sawa, lakini na sauti inapaswa kujibu. Yule bibi wa bondeni naye alileta mkungu wa ndizi "wa binti anayeamkia vizuri", akamkabidhi Kadogo kabisa, akauweka sakafuni chini ya boksi.

Opereta alipouona ule mkungu alitabasamu, halafu akaangalia pembeni haraka.

Sasa nije kwenye nakala, maana huko ndiko nilikokaribia kuaibika. Kadogo anakaa na akili yake yote kwenye memori kadi ndogo kuliko ukucha. Umeme ukikatika vibaya, kadi hufa, na ikifa, simu zote sita ni mapambo. Opereta aliniambia, "Kila kadi itakufa. Hiyo si bahati mbaya, ndiyo kazi yake." Kwa hiyo alikuwa na kadi ya pili, nakala, aliyoiweka nyumbani kwake ndani ya kitabu cha nyimbo za ibada, kwa sababu, alisema, nakala isilale nyumba moja na mama yake. Na alikuwa na daftari. Kila badiliko ndani ya Kadogo lilikuwa na ukurasa wake kwa mkono wake, herufi zimesimama kama askari.

Macho yake yalipoanza kufifia, mganga mfawidhi alituita wawili. Naye alikuwa na haki, sitaki kumfanya adui. Alisema, "Mama, hiki kitu ukikiwasha wewe na ukikiinua wewe tu, kesho hakuna. Siku kikifa na hakuna wa kukiinua, nakitoa ukutani. Siwezi kuwaambia watu wa bondeni wategemee simu iliyokufa."

"Yupo wa kukiinua," Opereta akasema.

"Nani?"

"Mapokezi."

Mganga alinitazama. Na mimi nilijitazama.

Alinifundisha miezi mingi, akiweka uso karibu na kioo cha laptopu ya chumba cha takwimu mpaka pua inagusa. Nilijifunza polepole. Nikiandika mstari naufuta, nauandika tena ule ule.

"Mama, nikikosea?"

"Utakosea. Ndiyo maana kuna nakala."

"Na nikikosea kwenye nakala?"

"Sasa hapo sikupati."

Kisha binti yake akaja kumchukua akaishi naye Songambele, kule Kyerwa. Macho yalikuwa yamebaki ya kutofautisha mwanga na kivuli. Siku ya kuondoka alinipa daftari na ile nakala kutoka kwenye kitabu cha nyimbo. Hakusema mengi. Aliulizia tu kama nina mahali pakavu pa kuiweka.

Kadi ilikufa msimu wa mvua, Ijumaa asubuhi, radi mbili na umeme ukazima na kuwaka na kuzima. Nilinyanyua mkono wa simu, kimya. Wodi, kimya. Bondeni, kimya. Mganga alikuja akasimama mbele ya boksi, hakunifokea.

"Jumatatu kamati inakaa," alisema. "Kama hadi hapo hakiongei, nakitoa."

Nilikwenda nyumbani kuchukua nakala. Jumamosi niliichomeka. Taa ya kijani ya Kadogo ikawaka, ikacheza, na nikapiga namba ya kituo kwa simu yangu ya mkononi kujaribu, spika nimeiwasha. Nikasikia: "Kituo cha afya. Sema shida yako."

Watu wote pale mapokezi waligeuka. Ilikuwa sauti ya Opereta, ya zamani, kali kama asubuhi ya baridi. Furaha ilinishika, halafu nikaelewa. Nakala ilikuwa ya kabla ya salamu. Nilifungua daftari, nikatafuta ukurasa wa salamu, nikatafuta nikianzia mwisho kurudi mwanzo kama alivyonifundisha. Hakukuwa na ukurasa wa salamu. Mwanamke aliyeandika hata siku aliyobadilisha msumari wa boksi hakuandika hilo.

Nilikaa chini. Ningeweza kumwambia mganga imepona, na ingekuwa kweli nusu. Lakini nilimwona yule bibi akifika kwenye ng'ombe na laini inakufa mkononi.

Jumapili baada ya ibada nilirudi. Sikujua Opereta alivyokuwa ameipanga ile mistari ya kusalimia na kusubiri, na akili yangu haikutosha kuibuni. Nikafikiri kwa njia ya mfagizi: kama huwezi kuhamisha kabati, fagia kulizunguka. Kadogo alikuwa anajua tayari kucheza sauti moja mtu akipiga. Basi nitengeneze sauti moja ndefu, salamu pamoja na vimya vyake vya kusubiri, na mwishoni niunge ile ya Opereta, halafu niiite jina lile lile. Kadogo hatajua tofauti. Nilirekodi kwa simu yangu nyuma ya stoo, karatasi sina, nikasema kwa kichwa. Mara ya kwanza Kadogo alikataa kuisoma. Kwenye daftari kulikuwa na ukurasa wa kugeuza sauti ikubalike, nikaufuata herufi kwa herufi, akakubali.

Zikabaki zile dakika tatu, ambazo sasa zingeliwa na salamu. Nilijua tu kwamba dakika tatu ni sekunde mia na themanini, hesabu ya shule ya msingi. Nikaweka rula kwenye kioo cha laptopu, nikashuka mstari kwa mstari kwenye herufi nyeupe juu ya weusi, mpaka nikaiona: 180. Nikaongeza arobaini za bibi. Nikaandika 220. Huo mstari sikuufuta.

Nilipopiga kujaribu, nilisikia kitu kingine. Kati ya ng'ombe na migomba, jogoo wa mlinzi aliwika. Sikumsikia nilipokuwa narekodi. Nilitaka kurudia yote, ila jua lilikuwa linaelekea kuzama, nikamwacha.

Jumatatu mganga alipiga kutoka ofisini kwake, mbele ya kamati, kwa sauti ya wazi ili wote wasikie. Jogoo alipowika mjumbe mmoja alicheka mpaka akafuta machozi. Mganga hakucheka. Alisubiri mpaka simu ya wodi ilipopokelewa, akamwambia nesi hakuna shida, kisha akaniambia, "Kibaki ukutani."

Mwezi uliofuata nilikwenda Songambele. Nilimkuta Opereta ameketi barazani kwa binti yake, anachambua kahawa kwa vidole, mbovu anatupa kushoto, nzuri kulia, bila kuangalia. Nilimwamkia shikamoo, tukaamkiana yote, nyumbani, watoto, migomba, mvua. Nilipomaliza akasema, "Mapokezi," kama anayetia sahihi.

Nikamweleza. Nilianzia mbali, nikaomba radhi katikati. Hakunikatiza.

"Lete simu."

Nikabonyeza namba ya kituo nikampa. Aliiweka sikioni, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ndogo ndogo ikimuuliza ameamkaje. Mtu huyo, ambaye kwenye laini hakuwahi kumruhusu mtu kusema hata hujambo, akajibu. Alijibu kwa Kinyambo, taratibu, kwa adabu yote: ameamka vizuri, nyumbani wazima, watoto wazima. Mimi nimekaa naye mkeka mmoja na anaisalimia simu. Ng'ombe wa binti yake wazima. Hapo jogoo akawika, na uso wake ukageuka upande wangu.

"Huyu jogoo hakuwepo."

"Hakuwepo, Mama."

"Basi hii si ile yangu."

"Si ile. Ile haikuwa kwenye nakala."

Akasikiliza mpaka mwisho, mpaka ile "sema shida yako". Akatoa simu sikioni. "Na huyu mama mkali mmemwacha humo wa nini?"

"Nilimuonea haya kumtoa."

Alicheka. Halafu vidole vikarudi kwenye kahawa, nzuri kulia. "Ile ya salamu sikuiandika kwenye daftari," alisema. "Si macho. Macho wakati huo yalikuwepo. Niliona aibu. Miaka yote nimewaambia watu salamu ni wizi, halafu niandike kwa mkono wangu kwamba nimeziingiza mimi? Nikasema nitaandika kesho." Akatupa punje kushoto. "Ningewaua watu wa bondeni kwa kiburi cha ukurasa mmoja."

"Hukuwaua, Mama."

"Nakupata safi," akasema.

Niliinama, nisilie mbele ya binti yake.

Nikatoa kwenye mkoba bahasha iliyonileta. Nilikuwa nimetengeneza kadi mpya, nakala ya Kadogo alivyo sasa, na ukurasa nimeuandika daftarini, mbaya mbaya lakini upo. Nakala isilale nyumba moja na mama yake. Alinyoosha kiganja nikamwekea ile kadi, akaipapasa pembe zake nne kwa kidole gumba.

"Salamu zimo?"

"Zimo."

"Na jogoo?"

"Naye yumo."

Akamwita binti yake amletee kitabu cha nyimbo.